Pigo moja la kabla ya wakati

Chukua rekodi ya dakika 5 ya mgonjwa aliyelala kitulivu, moyo ukipiga mara 75 kwa dakika. Humo mna vipindi 375 hivi kati ya pigo na pigo, kila kimoja kikikaribia milisekunde 800. Tuseme kila kipindi kinapishana na jirani yake kwa milisekunde 20. Tofauti hizo ukizipandisha kipeo cha pili, ukachukua wastani na kutafuta kipeuo, unapata 20. Hiyo ndiyo RMSSD, kipimo cha jinsi neva ya vegasi inavyoushika moyo lijamu.

Sasa pigo moja, moja tu, liwahi: kipindi cha 500, kisha moyo utulie kwa 1,100, halafu uendelee kama kawaida. Kokotoa tena. RMSSD imeruka hadi karibu 43. Kwa kuwa RMSSD ya juu kwa kawaida huchukuliwa kuwa dalili njema, ukisoma namba peke yake utadhani mgonjwa amepata nafuu, kumbe moyo umejikwaa.

Kwa wagonjwa wa vali za moyo, mapigo ya namna hii ni ya kawaida mno, kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kabla ya hesabu yoyote. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 1996 wa kupima mtawanyiko wa mapigo unataka vipindi vya mapigo ya kawaida pekee, na kompyuta hukosea kuyachagua: huona wimbi T refu kwenye mchoro wa umeme wa moyo ikalihesabu kuwa pigo. Lazima mtu akae apitie mchoro kwa macho. Kazi inachosha, na ndiyo maana tafiti nyingi huipitia kwa sentensi moja.

Kuna vipimo vinavyostahimili zaidi. SDANN hukata rekodi ya saa 24 katika vipande vya dakika 5, ikachukua wastani wa kila kipande, kisha ikaangalia wastani hizo zinatawanyika kiasi gani. Rudi kwenye mfano wetu: 500 na 1,100 ni 1,600, sawasawa na vipindi viwili vya 800. Wastani haukutikisika. Hicho ndicho kipimo kilichobeba uzito katika utafiti wa Kenneth Stein na wenzake wa mwaka 1993 kuhusu wagonjwa wenye vali ya mitrali inayovuja vibaya, na naona hawakukosea kukiegemea.

Pagumu zaidi ni kwa mitrali iliyobana, ugonjwa ambao huku kwetu mara nyingi chanzo chake ni mafindofindo ya utotoni yaliyozaa homa ya baridi yabisi. Damu hurundikana nyuma ya vali, chumba cha juu kushoto hutanuka, na mwishowe huanza kupapatika. Hapo mapigo hayana mpangilio tena. Namba za mtawanyiko hupanda hadi kufanana na za mwanariadha, lakini zinatokana na vurugu za umeme wa chumba hicho, wala si udhibiti mzuri wa neva. Watafiti huwaondoa wagonjwa hao, na wana haki. Ila mara nyingi wanaoondolewa ndio ugonjwa umewala zaidi, hivyo anayesoma jedwali la mwisho anawasoma waliosalimika. Idadi ya walioondolewa nataka kuiona mwanzoni, si kwenye maelezo madogo ya chini.

Dawa nazo zina lake: vizuizi vya beta hupunguza kasi na kubadili mtawanyiko kwa pamoja.

Halafu pumzi. Katika uchambuzi wa masafa, athari ya kupumua hutafutwa kati ya hezi 0.15 na 0.40, yaani pumzi 9 hadi 24 kwa dakika. Mgonjwa mwenye maji mapafuni anaweza kupumua mara 28, sawa na hezi 0.47. Wimbi lake lipo, ila limevuka mpaka, na programu itatoa taarifa kwamba halionekani. Idadi ya pumzi zake nesi ameshaiandika kwenye faili tangu asubuhi.