Mji Mtupu katika Riwaya Mbili

Wahakiki wengi huiweka Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) juu kabisa miongoni mwa riwaya zetu za kifantasia. Kwa sifa hizo, mtu akiomba kitabu cha maajabu kwa Kiswahili hupewa hicho kwanza. Wengi hukiweka chini hata kabla ya nusu, ingawa chote hakifiki kurasa mia. Wasilaumiwe. Kitabu kimejengwa kwa namna isiyowafaa.

Tazama kinavyoanza. Msimulizi asiye na jina anaingia katika mji uliokufa. Ndani ya jengo anakuta watu wanasoma kimya. Mji uko wapi? Wakazi wake walipatwa na nini? Hatuambiwi. Kezilahabi alikusudia hivyo. Alikuwa ameshaandika riwaya za kihalisia, Rosa Mistika (1971) ikiwa ya kwanza, na mwaka 1985 alimaliza udaktari wake huko Wisconsin, Marekani, akichunguza falsafa ya Kiafrika na ufasiri wa fasihi. Katika Nagona akaondoa mahali, wakati na sababu, ili lisalie swali la ukweli na kuwepo. Socrates na Plato wanapita humo kama wahusika. Kwa mpenzi wa falsafa ni karamu kubwa.

Sasa mpe msomaji wa Fataki, kaskazini mwa Bunia. Majina ya wanafalsafa hayatamtisha; aliyemaliza sekondari Kongo amekwisha kukutana nayo kwa Kifaransa. Kinachomkwaza ni ule mji. Katika eneo lake la Djugu, mapigano yaliyozuka upya mwishoni mwa 2017 yameacha vijiji bila watu, na kila kijiji kina siku kilipokimbiwa, kina majina ya waliotoka na mahali walipokimbilia. Ukimwonyesha mtu huyo mji mtupu, swali lake la kwanza ni: wenyewe wako wapi? Nagona haina jibu la swali hilo.

Shaaban Robert analo. Katika Adili na Nduguze (1952), alimosuka upya hadithi ya Alfu Lela Ulela, Adili anafika katika mji ambao watu wake wamegeuka mawe, kila mmoja katika shughuli yake. Amebaki mzima Mwelekevu peke yake, binti mfalme, naye ndiye anayesimulia yaliyowapata. Mji umekufa, lakini shahidi yupo na sababu ipo.

Mpangilio wenyewe ni wa kifundi. Hatuanzi na mji wa mawe. Tunaanza na Mrabaha, mjumbe wa Mfalme Rai, anayeona usiku Adili, liwali anayesifika kwa wema, akiwachapa manyani wawili. Mfalme anadai maelezo, na ndani ya maelezo hayo ndimo unamotokea mji, kisha husuda ya ndugu zake, kisha jini Huria aliyewageuza manyani. Ajabu inatangulia, swali linaulizwa na mhusika mwenye haki ya kuuliza, na jibu linakuja likiwa na ajabu nyingine tumboni. Kweli, kuwaita ndugu hao Hasidi na Mwivu ni kufichua tabia zao mapema mno, na mawaidha ni mengi. Hata hivyo msomaji haachi, kwa kuwa bado hajajua imekuwaje wakawa manyani.

Bina-Adamu! ya Kyallo Wadi Wamitila (2002) imevurugika karibu sawa na Nagona, ila msimulizi wake anavuka mabara akimsaka P.P., na msako huo unatosha kumshika msomaji mkono.

Anayetaka ya siku hizi ningempa Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed (2001). Humo K ni mkubwa mwenye cheo na mali, na babu yake aliyekufa anamrudia. Mwandishi ameweka chini ya ajabu hiyo vitu tunavyovifahamu: nyumba ya kifahari, ulafi wa wakubwa, dhiki ya wananchi. Babu anamchukua mjukuu kumwonyesha nchi aliyosaidia kuiharibu, nasi tunafuatana nao bila kuhitaji kuelezwa wafu hufufukaje. Tunachotaka kujua ni K atajitetea vipi mbele ya mzee wake.