Beji ya Skauti Husomwa kwa Nyuma

Anayeuza beji kuukuu ya skauti hukuonyesha uso wake: picha safi, rangi ambazo bado zimekolea, darizi iliyotulia. Anayejua kazi huigeuza kwanza. Uso unaweza kunakiliwa na kiwanda chochote chenye mashine ya kudarizi. Nyuma ndiko kwenye kitambaa, mkunjo wa ukingo na uzi wa bobini, na hivyo vyote vilibadilika katika miaka inayojulikana.

Kwa somo hili hakuna mfano bora kuliko beji za ustadi za maskauti wa Marekani, chama kilichoitwa Boy Scouts of America hadi kilipojiita Scouting America mwaka 2025. Beji hizo zilianza mwaka 1911 zikiwa za fani 57. Wakusanyaji wamezigawa kwa herufi, A, B, C na kuendelea. Mgawanyo huo ni wao wenyewe, si wa chama, na msingi wake ni namna beji ilivyotengenezwa, si picha iliyomo.

Aina A, ya 1911 hadi 1933, ni kipande cha mraba cha kitambaa cha rangi ya mchanga, na darizi imekaa katikati. Ilipofika nyumbani ilipunguzwa kwa mkasi, ikakunjwa ukingo, ikashonwa kwenye sare. Mwaka 1934 kazi ya kukunja ikahamia kiwandani: beji ikatoka ikiwa duara tayari, ukingo umerudishwa nyuma na kubanwa kwa mashine. Mkunjo ulikuwa mpana kwa miaka miwili (hiyo ndiyo Aina B), na kuanzia 1936 ukawa mwembamba.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Aina A iliyokatwa mviringo kwa mkono, ukiitazama usoni, haina tofauti kubwa na Aina B yenye mkunjo mpana. Wapo wanaonunua moja kwa bei ya nyingine. Igeuze uone. Mkunjo wa mashine una vifinyo vinavyolingana duara zima, na upana wake haubadiliki. Mkunjo wa mkono hupanuka hapa na kusinyaa pale, na makali ya kitambaa huonyesha mikato mifupi iliyonyooka ya mkasi. Ikiwa beji bado imeshonwa kwenye nguo, pitisha kidole taratibu juu ya ukingo. Unene usiolingana huhisiwa hata pale usipoonekana.

Vita Kuu vya Pili viliacha alama kwenye kitambaa chenyewe. Kuanzia mwaka 1942 hivi kikawa chepesi, chenye mistari ya mshazari iliyo midogo na iliyosongamana. Mwaka 1947 rangi ya mchanga ikaachwa, ikaingia kaki inayoelekea kijani. Kisha, kuanzia 1960, likaja badiliko ambalo kila fundi cherehani wetu angelitambua bila kuambiwa: ukingo ukaanza kupigwa ovaloki. Mashine hiyo huzungusha uzi mzito ukingoni, na pale mzunguko unapokamilika hubaki kamkia ka uzi, ambako hukunjwa na kubandikwa nyuma. Beji inayodaiwa kuwa ya 1938 ikiwa na ukingo wa namna hii, mazungumzo yameishia hapo. Muda mfupi baadaye zikaja zilizodariziwa uso mzima, kitambaa kikabaki kuonekana nyuma tu. Kuanzia 1972 hata nyuma pakafunikwa kwa plastiki.

Tarehe hizi zisishikwe kama mpaka wa nchi. Maduka yaliuza akiba ya zamani mpaka ilipokwisha, kwa hiyo aina mbili zinazofuatana zilivaliwa pamoja. Ndiyo maana ushahidi wa ufundi unapaswa kupatana na ushahidi wa fani. Beji ya nishati ya atomiki ilianza 1963, na ya kompyuta 1967. Yoyote kati ya hizo ikionekana kwenye kitambaa cha mchanga chenye mkunjo mwembamba, imeshonwa na mtu aliyekariri picha bila kujifunza historia.

Kipimo kinachopendwa sana, nami naona kinaaminiwa kupita kiasi, ni taa ya urujuanimno, ile inayotumika madukani kukagulia noti. Kemikali za kung'arisha weupe zilienea katika nguo na sabuni baada ya vita, na chini ya taa hiyo hutoa mwanga wa samawati. Wengi huhukumu hapo hapo kwamba kinachong'aa ni bandia. Lakini beji halisi ya 1925 ikifuliwa kwa sabuni ya kisasa nayo itang'aa. Uliza kinachong'aa ni nini. Sabuni huenea, ikagusa kitambaa na uzi kwa pamoja. Kitambaa kikibaki giza huku uzi wa bobini ukiwaka, hapo una sababu ya kutia shaka.

Mshipi wa begani, ambako beji hushonwa kwa safu, una hesabu yake. Skauti huanza akiwa na miaka 11 hivi na hukoma kupata beji hizo atimizapo 18, hivyo mshipi wa mvulana mmoja hubeba miaka saba tu. Ukikuta mkunjo mwembamba wa mchanga kando ya plastiki, kuna mkono wa pili ulioongeza. Tahadhari ni kwamba kabla ya 1952 watu wazima nao waliweza kufikia cheo cha Eagle, ambacho huhitaji beji hizo, kwa hiyo mshipi wa zamani unaweza kuwa na miaka mingi zaidi. Hata hivyo hauwezi kuruka kutoka 1940 hadi 1972.

Beji zilizovaliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni zilifuata mila ya Uingereza, na huko cha kutazamwa ni taji. Beji ya King's Scout ina taji ambalo matao yake yamevimba kuelekea juu. Malkia Elizabeth wa Pili aliporithi kiti cha ufalme, ikawa Queen's Scout, na taji likawa lile ambalo matao yake hubonyea katikati. Jina la King's Scout limerudi Uingereza tangu 2022, kwa hiyo jina peke yake halitoshi tena kuthibitisha kwamba beji ilivaliwa Tanganyika au Kenya kabla ya 1952. Kagua kitambaa na uzi, na kama beji bado imeshonwa kwenye shati lake, usiifumue.