Udhuru Unaokubali Kupimwa

Vitabu vichache kuhusu Afrika vimewashughulisha wanafalsafa wa sayansi kama kile cha E. E. Evans-Pritchard cha mwaka 1937 juu ya uchawi na ramli za watu wa Wazande. Michael Polanyi alikitumia mwaka 1958, Peter Winch mwaka 1964, Robin Horton mwaka 1967. Kwa wasomaji wa Ulaya, Wazande walikuwa mfano wa mbali. Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, mambo ni tofauti. Yambio na Nzara, miji ya Wazande, iko nchi hiihii, Equatoria Magharibi, na Chuo Kikuu cha Juba, ambacho vita vilikihamishia Khartoum mwaka 1989, kimekwisha kurudi nyumbani. Mwalimu wa falsafa ya sayansi katika mji huu huenda akamkuta mtoto wa Kizande ameketi mstari wa mbele, daftari wazi. Ufundi unaohitajika hapo ndio ninaotaka kuusifu.

Njia rahisi ni kugawa ubao mara mbili: imani huku, sayansi kule. Mwalimu hodari haanzii hapo. Anaanza na kihenge kilichoanguka kikamuua mtu aliyejipumzisha kivulini mwake. Wazande wanajua vema kwamba mchwa wametafuna nguzo. Wanachouliza ni kwa nini kianguke saa ile, juu ya mtu yule. Mwalimu haliharakishi swali hilo, kwa kuwa ni swali la haki.

Kisha analeta benge, sumu anayopewa kuku huku swali likiulizwa. Kufa au kupona kwake ndiko jibu. Kuku wa pili huulizwa kwa namna iliyogeuzwa, ili jibu la kwanza lithibitishwe. Majibu yakigongana, maelezo hayakosekani: sumu imeharibika, mwiko umevunjwa, mchawi ameingilia kati. Kicheko kikianza darasani, mwalimu hakikemei. Anawapeleka wanafunzi angani.

Sayari ya Uranus haikupita pale ambapo kanuni za Newton zilitaka ipite. Wanaastronomia hawakumtupa Newton. Walitoa udhuru kwamba kuna sayari nyingine isiyoonekana inayoivuta. Urbain Le Verrier akakokotoa mahali ilipo, na usiku wa tarehe 23 Septemba 1846 Johann Galle, huko Berlin, akaiona Neptune pungufu ya nyuzi moja kutoka hapo. Mwaka 1859 Le Verrier alitoa udhuru wa namna ileile kuhusu Utaridi: sayari iliyopewa jina Vulcan. Ilitafutwa kwa miongo mingi, na haikuwapo. Mwendo wa Utaridi ulikuja kuelezwa na Einstein mwaka 1915, kwa nadharia mpya kabisa.

Sasa hakuna anayecheka. Wote wanatoa udhuru, basi tofauti iko wapi? Mwalimu ananyamaza, na kunyamaza huko ni kazi ngumu kuliko kuhutubia. Anasubiri mpaka mwanafunzi aone mwenyewe kwamba udhuru wa Le Verrier ulitaja mahali pa kuelekeza darubini, hivyo ungeweza kuumbuka. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Hapo tu ndipo linapotajwa jina la mwanafalsafa Karl Popper na kitabu chake cha mwaka 1934, na baada yake Thomas Kuhn, ambaye kitabu chake cha mwaka 1962 kinakumbusha kwamba hata wanasayansi hawaachi nadharia yao upesi. Jina linakuja baada ya haja ya kulijua, na mpangilio huo ndio moyo wa ufundi wenyewe.

Halafu darasa linarudi Nzara. Mwaka 1976 wafanyakazi wa kiwanda cha pamba walianza kuugua homa kali. Homa hiyo ikafika mji wa Maridi, ambako hospitali yenyewe ikawa njia ya maambukizi. Watu 284 waliugua, 151 wakafa. Ilikuwa Ebola, aina inayoitwa Sudan. Popo wa darini mwa kiwanda walishukiwa, lakini chanzo hakijathibitishwa mpaka leo. Mbele ya msiba kama huo maswali ni mawili: ugonjwa ulipitia wapi, na kwa nini ndugu yangu? Mwalimu analiheshimu la pili, kisha anaonyesha nguvu ya la kwanza. Ukisema ugonjwa hupita kwa damu na majimaji ya mwili, umejiweka rehani: watenge wagonjwa, wavalishe wauguzi glavu, uone kama maambukizi yatapungua.

Ninaisifu kazi hii kwa sababu inampa kijana haki ya kumuuliza yeyote anayedai kujua, awe daktari, mchungaji, mganga au waziri: tungeona nini kama ungekuwa umekosea? Haimfundishi kudharau kwao wala kusujudia maabara. Na mwalimu aliyefundisha vizuri atakuwa wa kwanza kuulizwa swali hilo, na wanafunzi wake mwenyewe, naye anawiwa jibu.