Lenta: Jinsi Ukuta wa Matofali Unavyobebwa Juu ya Mlango na Dirisha

Lenta ni boriti inayolazwa juu ya mlango au dirisha ili ibebe ukuta unaoendelea juu yake na kuupeleka uzito kwenye kuta za pembeni. Katika nyumba za matofali ya kuchoma za wilaya za Mbinga na Nyasa, kuanzia Liparamba hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, lenta huwa ya mbao au ya zege lenye nondo.

Matofali yaliyojengwa kwa kupishanisha viungo hujibeba kwa kiasi fulani. Uzito huteremka kwa mshazari kupita pembeni mwa uwazi, na kinachobaki kuilemea lenta ni pembetatu tu ya matofali. Kwa dirisha la mita 1.2, pembetatu ya nyuzi 45 ina kimo cha mita 0.6; ukuta ukiwa na unene wa sentimita 15, pembetatu hiyo ina uzito wa kilo 100 hivi. Nafuu hiyo hupatikana pale tu ukuta wa juu na wa pembeni unapokuwa wa kutosha. Dirisha likiishia kozi (safu za matofali) chache chini ya paa, pembetatu haikamiliki, na lenta hubeba kozi zote pamoja na mzigo wa paa. Likikaribia mno kona, msukumo wa mshazari hukosa ukuta wa kuupokea.

Lenta iliyolemewa hupinda: upande wa juu hubanwa, wa chini huvutwa. Uwazi ukiongezwa maradufu, huku kila mita ikibeba mzigo uleule, nguvu ya kupinda huwa mara nne. Ndiyo maana mlango mpana hauwezi kupewa lenta ya dirisha dogo.

Kwa mbao, kimo kina faida kuliko upana. Ubao wa inchi 2 kwa 6 uliosimamishwa kwa ubavu una nguvu mara tatu ya uleule uliolazwa bapa. Hivyo ni bora kusimamisha mbao mbili au tatu sambamba hadi zifikie unene wa ukuta. Adui mkubwa wa mbao ni mchwa na unyevu, navyo huanzia kwenye ncha zilizofukiwa ukutani, mahali pasipoonekana. Mninga hustahimili kuliko mbao laini.

Zege hustahimili kubanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Kwa hiyo nondo zinazobeba kazi hukaa chini, kwa kawaida mbili za milimita 12, na mbili za juu hushikilia ringi zinazozizunguka nondo zote. Kabla ya kumwaga zege, nondo huinuliwa kwa vipande vidogo vya zege vyenye unene wa milimita 25. Vikikosekana, nondo hushuka hadi kwenye ubao wa boksi la kumwagia zege, hubaki wazi boksi likifunguliwa, na kutu huanza. Zikiachwa katikati ya kimo, sehemu kubwa ya nguvu ya lenta hupotea. Zege la 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) humwagiliwa maji kwa siku 7 angalau, na mirunda inayoegemeza boksi katikati haiondolewi kabla ya wiki mbili.

Mzigo wote huishia kwenye ncha mbili. Lenta hukalia ukuta sentimita 15 hadi 20 kila upande, na zaidi pale matofali yalipounganishwa kwa udongo. Ncha fupi huponda matofali yaliyo chini yake. Kisha ufa huanzia pembe ya juu ya dirisha na kupanda kwa mshazari.

Tao la matofali hufanya kazi hiyohiyo bila nondo, kwa kuwa kila tofali hubanwa tu. Lakini tao husukuma pembeni, hivyo huhitaji kuta nene.

Lenta ikiendelezwa kuizunguka nyumba nzima huwa mkanda. Faida yake huonekana ardhi inapotetemeka: Ziwa Nyasa limo katika Bonde la Ufa, na Desemba 2009 matetemeko yaliangusha nyumba nyingi za matofali huko Karonga, upande wa Malawi. Mkanda hufunga kuta zisiachane, mradi nondo zikunjwe kwenye kona na zipishane sentimita 60 hivi kwa nondo ya milimita 12. Zikikatwa konani, kila ukuta hubaki na lenta yake peke yake.