Hofu ya Bure

Wasomaji wetu wa pande za Goma wanapajua vizuri Lac Vert: ziwa dogo la maji ya kijani, ndani ya shimo la volkano ya kale, karibu na Ziwa Kivu, njia ya kwenda Sake. Wengine wanapajua kwa habari ya makambi. Mwaka 1994 wakimbizi wa Rwanda walijazana huko juu ya mawe ya lava. Na katika vita vya miaka hii watu waliokimbia vijiji vyao walifunga tena turubai pande zile zile, hata tarehe 3 Mei 2024 mabomu yakaanguka katika makambi ya Lac Vert na Mugunga, yakaua watu, watoto wakiwamo. Mwanzo wa mwaka 2025 M23 walipoutwaa mji wa Goma, makambi yalivunjwa na watu wakatawanyika.

Je, kijana wa mahali kama hapo aweza kutafuta hofu kwa hiari yake? Aweza. Kijana ni kijana. Michezo ya kutisha ya kompyuta na simu imeenea duniani kote, na mingi hutolewa bure, kwa hiyo umaskini si ukuta wa kuizuia. Wazazi hutuuliza kama ni mibaya. Basi tuchukue mmoja tuupime.

Mchezo huo huitwa Slender: The Eight Pages. Aliyeuunda ni Mark Hadley, naye aliutoa bure mwaka 2012. Mchezaji yumo msituni usiku, ana tochi tu. Hana bunduki, hana panga, hana hata fimbo. Kazi yake ni kutafuta kurasa nane zilizobandikwa huku na huku, na nyuma yake yuko mtu mrefu asiye na uso, amevaa suti. Ukimtazama mno, umekwisha. Kila ukurasa unaouchukua humsogeza karibu zaidi, na sauti za mchezo huzidi kuwa nzito.

Hatuna budi kukiri kwamba fundi huyu anaijua hofu. Damu haimwagwi, wala maiti hazionyeshwi. Kinachotisha ni kile usichokiona bado, na mwanga mdogo wa tochi ambao wafichua hatua chache tu mbele. Aliyewahi kutembea njia ya giza huku akisikia nyayo za mtu nyuma yake atasema: ndivyo ilivyo. Kwa upande huu mchezo ni mkweli kuliko filamu nyingi za bei kubwa.

Lakini tuutazame kwa jicho la hadithi zetu. Bibi anaposimulia habari za zimwi, mtoto huogopa sana, naye hujibana kwa bibi. Msimulizi yupo, moto upo, na ndani ya hadithi kuna kijiji cha kurudi au ndugu wa kuokoa. Katika Slender hakuna mtu wa pili. Humtafuti mtoto aliyepotea, humpelekei mtu dawa. Unakusanya karatasi tu. Na hata ukizipata zote nane, yule mtu hukukamata vile vile. Hapo ndipo tunapoulaumu. Unamfundisha mchezaji kukimbia, lakini haumpi mtu wa kumkimbilia wala wa kumkimbiza. (Jambo la Wisconsin, Marekani, mwaka 2014, pale wasichana wawili wa miaka 12 walipomchoma mwenzao kisu mara 19 kwa ajili ya huyo mtu asiye na uso, lilitokana na hadithi zake zilizoanza katika intaneti mwaka 2009. Msichana yule alipona. Haifai kuutwika mchezo huu mzigo wote huo.)

Sasa tuulinganishe na mchezo mwingine, uliozaliwa huku kwetu Afrika Mashariki, tena kambini. Lual Mayen ni mtu wa Sudani Kusini, aliyezaliwa wazazi wake wakiwa njiani kukimbia vita, akakulia katika kambi kaskazini ya Uganda. Alipotamani kompyuta, mama yake aliweka akiba miaka mitatu hata akapata dola 300 za kuinunua. Kijana alikwenda kwa miguu mwendo wa saa tatu ili kuichaji. Akajifunza mwenyewe, akaunda mchezo aliouita Salaam, maana yake amani, akawagawia wenzake kwa Bluetooth. Mwaka 2018 alipewa tuzo huko Marekani kwa kazi hiyo.

Katika Salaam ya kwanza mabomu huanguka juu ya kijiji, na mchezaji huyagusa kwa kidole yaharibike kabla hayajafika chini. Kwa ufundi haulingani na ule wa msituni. Lakini tazameni tofauti: hofu ni ile ile ya kitu kinachokuja, ila chini yake kuna nyumba za watu, na mkono wa mchezaji una kazi kwa ajili yao. Mtoto wa Lac Vert anapewa kufanya kile ambacho hakuna mtu mzima aliyeweza kukifanya siku ile ya Mei. Yawezekana mwingine, aliyeona kwa macho yake, asitake hata kuutazama. Huyo aachwe, asishawishiwe.

Baadaye Mayen aliubadili: mchezaji akawa mkimbizi anayekimbia, na nguvu zikimwishia hununuliwa maji, chakula na dawa kwa fedha halisi, ambazo zingewasaidia wakimbizi. Nia ni njema, nao umetungwa kwa ajili ya watu wa mbali wenye fedha. Ila mkimbizi mwenyewe akiucheza, mfuko wake mtupu utamwangusha mapema kuliko wote. Kwa Lac Vert tungechagua ule wa kwanza, wa bure.