Istilahi za Kamera za Viwandani: Neno Moja Lisibebe Mizigo Miwili

Miongoni mwa istilahi zinazowasumbua wafasiri wa miongozo ya mitambo ni zile za kamera za dijitali za viwandani. Kamera hizi hufungwa juu ya mkanda wa kusafirishia bidhaa ili zikague chupa, vifuniko na lebo. Istilahi zake hazina budi kupimwa kwa kigezo kimoja: je, msomaji ataweza kuagiza chombo kinachofaa? Kwa kigezo hicho twaona upungufu katika istilahi tatu zinazotumika.

Ya kwanza ni "kamera ya mtandao". Neno mtandao limezoeleka kwa maana ya intaneti na pia kwa maana ya kompyuta zozote zilizounganishwa. Msomaji aweza kudhani kuwa inatajwa kamera ndogo ya mazungumzo ikaayo juu ya kompyuta. Lakini kamera ifuatayo kiwango cha GigE Vision, kilichotolewa mwaka 2006, hutuma picha kwa waya wa Ethaneti wenye urefu wa hadi mita 100, wala haihitaji intaneti. Twapendekeza "kamera ya Ethaneti", kwa kuwa yataja njia yenyewe.

Ya pili ni "ukali wa picha", itumikayo kumaanisha wingi wa pikseli. Ukali hutegemea pia lenzi na jinsi ilivyorekebishwa. Picha yenye pikseli milioni 5 yaweza kuwa na ukungu. Yafaa kusema "idadi ya pikseli". Wako wanaopendelea "kitone" badala ya pikseli, lakini kitone hutumika pia kwa alama za wino za mashine ya kuchapa. Pikseli imekwisha kuenea, nayo haina maana nyingine.

Ya tatu ni "kasi", ambayo hubebeshwa mambo matatu: muda wa kupokea mwanga, idadi ya fremu kwa sekunde na kasi ya data. Kamera ya pikseli 1280 kwa 1024, yenye biti 8 kwa kila pikseli na fremu 60 kwa sekunde, hutoa takriban megabaiti 79 kwa sekunde. Njia ya gigabiti 1 kwa sekunde haipitishi zaidi ya megabaiti 125, kwa hiyo picha hizo zitapita. Fremu zikiwa 120, hazitapita. Mfasiri aandikaye biti mahali pa baiti hupotosha hesabu hiyo mara 8.

Huenda ikasemwa kuwa muktadha utaondoa utata. Hoja hiyo yafaa katika mazungumzo, ambamo msikilizaji aweza kuuliza. Hati ya zabuni haiulizwi. Husomwa jinsi ilivyoandikwa, na kiletwacho hulipiwa. Ndiyo maana twashikilia kuwa, katika fani hii, istilahi ndefu iliyo wazi ni bora kuliko fupi yenye utata.