Mdaiwa Katika Safu: Sala na Dhiki katika Hadithi Zetu

Kuna hadithi fupi moja ambayo sisi waandishi chipukizi tumekwisha kuiandika mara nyingi, kila mtu kwa jina lake. Kijana anaishi Magomeni, au Majengo, au Ng'ambo. Hana kazi, kodi ya chumba imepita miezi mitatu, na mwenye nyumba anatishia kumtolea vyombo nje. Usiku wa manane kijana anaamka, anatawadha kwa maji ya ndoo, anasali rakaa mbili, analia mpaka msala unalowa. Asubuhi hodi! Mjomba kaleta bahasha kutoka Muscat. Au barua ya kazi imefika. Au yule tajiri aliyeokotewa pochi yake kurasa mbili nyuma kaja kutoa shukrani. Msomaji anasema Alhamdulillahi, anafunga gazeti, hadithi imekwisha.

Hadithi hii ina pacha wake. Kijana ni yule yule na chumba ni kile kile, ila imamu wa mtaa ana duka, tasbihi mkono mmoja na mizani ya wizi mkono wa pili. Kijana anaomba, haoni kitu. Anaomba tena, kapa. Mwisho anauviringisha msala, anausukuma uvunguni, anatoka kwenda zake mitaani, na mwandishi anahisi kwamba kafanya ushujaa mkubwa.

Wenzangu wengi huziona hizi kuwa ni hadithi mbili zinazopigana, moja ya mcha Mungu na moja ya mwanamapinduzi. Mimi naona ni hadithi moja. Zote mbili zinaichukulia sala kama hundi. Katika ya kwanza hundi imelipwa, katika ya pili benki imeirudisha. Mwandishi kasimama dirishani kama karani, macho yote kwenye fedha. Yule mtu aliyeinama, paji la uso kwenye mkeka, hakuna aliyemtazama.

Msiniambie ni jambo dogo, jamani. Hebu mfikirie msomaji wetu. Ni mama wa Temeke aliyekopa ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu. Marejesho ni kila wiki, na akikosa wiki moja wanakuja kubeba friji, televisheni, hata makochi. Jana usiku kasali, leo asubuhi deni liko pale pale. Akisoma hadithi ya kwanza anajifunza kwamba sala yake ina kasoro, maana wenzake kwenye hadithi huomba leo wakapata kesho. Akisoma ya pili anaambiwa kwamba yeye ni mjinga. Zote zinamtukana, tena kwa Kiswahili kizuri. Mtu amekuja kwetu na shida yake, na sisi tunamrudisha nyumbani na aibu juu ya shida.

Tumeyatoa wapi haya? Pacha wa kwanza nadhani katoka kwenye mawaidha yaliyofupishwa na kwenye sinema, ambako muda ni mchache na mwisho lazima ufurahishe. Pacha wa pili ni mjukuu wa riwaya za miaka ya 1970. Adam Shafi alipoandika Kuli, iliyotoka 1979, juu ya wapagazi wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948, alitufundisha kuuliza: umaskini huu unamnufaisha nani? Swali hilo ni zuri na tusiliache. Lakini sisi warithi tumechukua hasira tukawaacha watu. Kuli analipata deni lake mahali fulani, kwa mtu fulani, na anapambana nalo pamoja na wenzake. Kijana wetu wa msala uvunguni hana mwenzake hata mmoja. Hasira yake inaelea hewani.

Hapo ndipo penye kiini cha ugonjwa, kwa maoni yangu. Katika hadithi zote mbili maskini anasali peke yake. Kuna yeye na kuna dari. Ukiirudia mila ya dini yenyewe, ile tuliyoanza kuonjeshwa chuoni tukiwa watoto, unakuta sala ya mtu mwenye dhiki imejaa watu.

Chukua ile aya inayobandikwa kwenye kuta za maduka na vioo vya daladala, ya kwamba anayemcha Mungu hutengenezewa njia ya kutokea na kuruzukiwa asikotarajia. Ndiyo aya mama ya hadithi ya bahasha. Sasa fungua msahafu uone imekaa wapi. Imo katika Surat Talaq, sura ya 65, aya ya 2 na ya 3, na sura hiyo inazungumzia mke aliyeachwa: asitolewe nyumbani katika eda yake, wakiachana waachane kwa wema na mashahidi wawili wawepo, apewe mahali pa kukaa, na kila mwanamume atoe kwa kadiri ya uwezo wake. Ahadi ya riziki imewekwa katikati ya amri za kumpa mtu haki yake. Sisi tumeichomoa tukaifanya bahati nasibu. Mhakiki wa fasihi anayesoma ubeti nje ya shairi lake tungemcheka.

Au chukua aya ndefu kuliko zote katika Kurani. Haizungumzii pepo wala moto, inazungumzia kuandikishiana deni. Ni aya ya 282 ya Surat al-Baqara. Inaamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu na asikatae kuandika, na mashahidi wawepo. Kisha kuna jambo ambalo kila nikilisoma hunisimamisha mimi mtu wa kalamu: anayetoa imla ni mdaiwa. Tajiri mwenye fedha zake hapewi nafasi ya kutamka. Yule dhaifu, mwenye mzigo, ndiye anayesema maneno, na mwandishi anaandika anachoambiwa bila kupunguza. Aya mbili tu nyuma yake, ile ya 280, imesema kwamba mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda mpaka apate nafuu, na kumsamehe ni bora zaidi.

Ndugu mwandishi, mbona hili ni somo la uandishi kabisa! Hadithi ya deni isimuliwe kwa sauti ya anayedaiwa. Sisi kazi yetu ni kuandika kwa haki. Lakini katika miswada tunayosomeana, mdaiwa huwa analia tu. Hasemi anadaiwa na nani, kiasi gani, tangu lini, alizifanyia nini zile fedha. Machozi yake tunayapima kwa ndoo, hesabu zake hatuzijui.

Tuje kwenye dua yenyewe. Katika Sunan Abu Dawud imepokewa kwamba Mtume alimkuta Abu Umama, mtu wa Madina, amekaa msikitini wakati usio wa sala. Akamuuliza kulikoni. Akajibu kwamba ni majonzi na madeni. Mtume akamfundisha dua ya kusoma asubuhi na jioni. Ukiichambua dua hiyo kifani utaona imepangwa kwa jozi nne. Mtu anajikinga kwa Mungu na wasiwasi pamoja na huzuni, na kushindwa pamoja na uvivu, na woga pamoja na ubahili, na mwisho kuzidiwa na deni pamoja na kuonewa na watu. Deni limekuja mwishoni, baada ya mambo sita ya ndani ya moyo, na limefungwa kamba moja na dhuluma ya watu. Mwanasaikolojia na mwanaharakati wamekutana katika pumzi moja. Msanii yeyote angeonea wivu mpangilio huo.

Najua atatokea mshikaji aniambie: "We bwana, mbona habari hiyo yenyewe inaishia deni limelipwa?" Kweli, Abu Umama anasema mwenyewe kwamba alifanya hivyo na Mungu akamwondolea majonzi na kumlipia deni. Lakini tazama namna inavyosimuliwa. Bahasha haipo, wala tajiri haokotewi pochi. Hatuambiwi fedha zilitoka wapi wala siku gani. Tunachoonyeshwa kwa urefu ni mtu aliyekaa msikitini saa ambayo si yake, mtu wa pili aliyemwona na kumuuliza, na maneno waliyoyasema. Msimulizi ametumia wino wake penye mtu. Sisi tunautumia wote penye bahasha.

Iko habari nyingine, nzito zaidi, katika Sahihi Bukhari. Liliwekwa jeneza mbele ya Mtume ili alisalie. Akauliza kama marehemu anadaiwa. Wakasema ndiyo, dinari 3, na hakuacha kitu. Akawaambia wao wamsalie mwenzao. Basi Abu Qatada akasema: msalie, deni lake ni juu yangu. Ndipo akamsalia. Baadaye Waislamu walipopata uwezo, Mtume alitangaza kwamba atakayekufa na deni bila kuacha kitu, deni hilo atalilipa yeye. Sala ilisimama kwa ajili ya dinari 3, na aliyeifungulia njia ni mtu aliyepiga hatua moja mbele.

Desturi hiyo bado tunayo. Nenda kwenye msiba wowote Kariakoo, Tanga au Mombasa, kabla jeneza halijanyanyuliwa mtu wa familia husimama akasema: kama kuna anayemdai marehemu, aje kwetu. Nimelisikia tangazo hilo tangu nikiwa mdogo. Kila mara kuna ukimya baada yake, ukimya wa namna ya pekee, watu wakitazama viatu. Katika ukimya ule kuna anayepiga hesabu, kuna anayesamehe kimoyomoyo, na kuna anayejua kuwa akinyanyua mkono mtaa mzima utamwona. Nani kati yetu ameuandika ukimya huo? Mimi sijausoma bado.

Wapo watakaosema ninahubiri, na kwamba gazeti la fasihi si mimbari. Siombi mtu yeyote asali, wala simzuii mwandishi asiyeamini kuandika mhusika asiyeamini. Ninachodai ni ufundi tu: ukimweka mhusika kwenye msala, ijue sala unayoiandika. Sala ya jamaa ina safu. Imamu anawaambia watu wanyooshe safu, wajaze mapengo, bega kwa bega. Maana yake ni kwamba mdaiwa anaweza kujikuta ameguswa bega na mdai wake, yule anayemkimbia tangu Jumatatu. Wote wanasujudu pamoja. Na sala inapokwisha, inakwisha kwa salamu, uso ukigeuzwa kulia kisha kushoto. Mdaiwa anatamka amani akiwa kamgeukia mtu anayemwogopa kuliko wote duniani! Hapo pana mgogoro mkali kuliko bahasha mia za Muscat, na wewe mwandishi hukulazimika kuubuni.

Mifano mingine imejaa tele. Mama anamaliza Isha, anakunja msala, anahesabu marejesho ya kesho. Anajua fika kwamba riba ni haramu, na mtoto aliyekopewa fedha za hospitali bado anakohoa chumba cha pili. Huyu usimfanye mtakatifu wala msaliti, mwandike. Kuna kijana aliyeacha kwenda msikitini, na imani anayo, ila mdai wake husimama mlangoni kila Ijumaa. Kuna mdai naye: fundi cherehani aliyemkopesha jirani, sasa anadaiwa kodi yeye mwenyewe, na anaona haya kumkumbusha mtu waliyetoka kusali pamoja. Mtume mwenyewe alikuwa akijikinga na deni ndani ya sala, na alipoulizwa sababu, alieleza kwamba mtu akidaiwa huongea akasema uongo, na huahidi asitimize. Hiyo ni saikolojia ya mhusika, imekwisha kukaa tayari inakungoja.

Na yule imamu mwenye mizani ya wizi? Abaki, wapo. Ila tumwandike kwa silaha zilizo ndani ya nyumba. Surat Maun, sura ya 107, fupi mno, inawatishia watu wanaosali, wanaojionyesha, nao wanawanyima wenzao vitu vidogo. Wafasiri wengi wamesema vitu hivyo ni kama chungu, ndoo na shoka, yaani vya kuazimana majirani. Sala ya mtu inapimwa kwa sufuria aliyoombwa na jirani akakataa! Mnafiki akihukumiwa hivyo na aya anayoisoma kila siku, anaumia kuliko akitukanwa na mwandishi.

Wahakiki hupenda kusema kwamba Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki karibu na 1840, aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Ni sifa kubwa, na anaistahili. Lakini watu wa sokoni hawakuacha kwenda msikitini. Waliingia na mavumbi yao, na madeni yao, na harufu ya samaki mikononi. Fasihi yetu imewafuata sokoni vizuri sana. Wanapovua viatu mlangoni pa msikiti, inawaacha hapo, inawasubiri nje kuona wametoka na nini.

Kwa hiyo nawapa changamoto, wenzangu wa kalamu. Andikeni hadithi ambayo ukurasa wa mwisho deni bado lipo, hata senti haijalipwa, na msala haujatupwa uvunguni. Kiasi cha deni kitajwe, na mwenye kudai awe na jina. Mdaiwa atoe imla, nanyi muandike. Ikiwa mtu mmoja tu katika safu atageuza uso na kumwona jirani yake, hiyo hadithi nitaisoma mpaka mwisho, na yule mama wa Temeke ataisoma.